Kabla Hujaapa Kwamba Uliugua: Mafunzo ya Wakili Aliyewahi Kusimamishwa

Kila Jaji Mkuu anapowaapisha mawakili wapya, wachache kati yao hupita ofisini kwangu hapa Mwanza na joho ambalo bado linanukia duka. Huuliza maswali mazuri: namna ya kumhoji shahidi mkaidi, namna ya kupanga ada, hakimu gani hapendi maneno mengi. Hakuna anayeniuliza wakili hupotezaje leseni. Nadhani wanaona ni utovu wa adabu kumuuliza mzee jambo kama hilo. Basi najibu bila kuulizwa, kwa sababu niliwahi kusimamishwa uwakili, na ninyi mnaotaka kufika mbali mna haki ya kujua palipo na shimo.

Watu hudhani anayefikishwa mbele ya Kamati ya Mawakili ni lazima awe amekula fedha za mirathi. Wapo wa namna hiyo. Njia yangu ilikuwa ya kawaida zaidi. Nilianza kwa kutopokea simu ya mteja, nikamaliza kwa kusema uongo chini ya kiapo, na katikati ya mambo hayo mawili sikumbuki kuona kibao chochote kilichosema “mwisho wa njia”.

1. Mteja husamehe kushindwa, kuzungushwa hasamehi

Mteja mwenyewe alikuwa mwalimu mstaafu aliyegombania kiwanja Ilemela. Tulishindwa Mahakama Kuu. Nilitoka nje nikiwa nimejiandaa kulaumiwa, yeye akanishika mkono akasema, “Umejitahidi, wakili. Tukate rufani.” Hakufoka hata kidogo, nami kwa akili zangu nikahitimisha kwamba nimepata mteja asiyejua kukasirika.

Rufani ilipoharibika (nitaeleza ilivyoharibika) sikumwambia. Nilijipa muda wa kutafuta ufumbuzi kwanza ili nimpe habari mbaya na dawa yake kwa pamoja. Siku zikawa wiki, wiki zikawa miezi. Mwalimu akija, katibu muhtasi wangu alikuwa na maelekezo ya kusema niko mahakamani. Alikaa kwenye benchi la mlangoni na karatasi zake ndani ya mfuko wa rambo, akisubiri kwa upole. Gari langu lilikuwa limeegeshwa chini ya dirisha, na Mwalimu alilijua mpaka namba zake. Wakili msomi hakuliwaza hilo.

Siku nilipokabidhiwa malalamiko yake, nilisoma mara mbili nikitafuta mahali alipoandika uchungu wa kupoteza kiwanja. Aya moja fupi. Zilizobaki zote zilikuwa tarehe: tarehe hii nilikuja nikaambiwa hayupo, tarehe hii nilipiga simu ikakatwa, tarehe hii aliniambia tunasubiri kupangiwa kikao. Alikuwa ameziweka kwenye daftari la mahudhurio, lile lenye mistari ya shuleni, na nakala yake ikaambatishwa kwenye hati ya kiapo. Miaka yote ya kuita majina darasani ilikuwa imemfundisha kuandika nani yupo na nani mtoro.

Tangu hapo nimesoma malalamiko mengi ya wateja dhidi ya mawakili wenzangu walioniomba ushauri, na mengi yana sura hiyohiyo. Mteja anajua kesi ina kushinda na kushindwa. Kinachomtoa nyumbani mpaka akaandike malalamiko ni kuona ameanza kuombaomba habari za kesi yake mwenyewe. Kwa hiyo habari mbaya itoke siku ileile, kwa maandishi, kisha mpigie umfafanulie. Kama hakuna jipya, sema hakuna jipya. Mteja akiambiwa hivyo kila mwezi huwa ametulia kuliko yule anayeahidiwa mambo makubwa mara moja kwa mwaka.

2. Rufani hufa kwa barua ambayo haikupelekwa

Hapa vumilieni kidogo utaalamu, maana ndipo wengi tunapoumia. Kwa Kanuni za Mahakama ya Rufani za mwaka 2009, anayetaka kukata rufani katika shauri la madai huwasilisha notisi ndani ya siku 30 tangu uamuzi, kisha rufani yenyewe ndani ya siku 60 tangu notisi. Siku 60 huonekana nyingi mpaka ukumbuke kwamba bila nakala ya mwenendo wa shauri na hukumu huwezi kuandaa kitu, na nakala hizo hutoka masjala kwa wakati wake. Kanuni ya 90 ikaweka nafuu: ukiomba nakala kwa barua ndani ya siku 30, Msajili atatoa cheti kinachotambua muda uliotumika kuziandaa, na muda huo hautahesabiwa.

Kanuni hiyohiyo inataka nakala ya barua yako apelekewe mjibu rufani. Mimi niliandika barua safi, nikaigonga mhuri masjala, nikaifungia ndani ya jalada. Upande wa pili sikuupelekea. Msajili alinipa cheti, nikakibeba kama ngao. Siku ya kusikilizwa wakili mwenzangu akasimama na pingamizi la awali lisilozidi dakika chache: barua haikuletwa kwetu, kwa hiyo mrufani hawezi kunufaika na cheti, kwa hiyo rufani imekuja nje ya muda. Majaji watatu waliniuliza kama nina ushahidi wa kuipeleka. Nilipekua jalada kwa juhudi kubwa, kama mtu ambaye hajui kwamba haumo. Rufani ikaondolewa.

Kilichonishangaza baadaye ni jinsi jambo lenyewe lilivyokuwa dogo. Nilikuwa nimekesha nikiandika sababu za rufani, nimenukuu kesi za Uingereza na India, nimebishana na nafsi yangu juu ya sheria ya ardhi. Hakuna jaji aliyefika huko. Tarishi mmoja, bodaboda moja, na sahihi kwenye kitabu cha kupokelea barua vingetosha. Ukiwa na karani hodari wa kufuatilia mambo haya, mlipe vizuri kuliko unavyolipia samani za ofisi.

3. Malaria si sababu ya rufani

Baada ya rufani kuondolewa, njia iliyobaki ilikuwa kuomba muda uongezwe ili tuanze upya. Sheria ya maombi hayo inajulikana mpaka na wanafunzi. Katika kesi ya Lyamuya Construction iliyofunguliwa mwaka 2010 Mahakama ya Rufani ilieleza kwamba mwombaji atoe maelezo ya muda wote aliochelewa, ucheleweshaji usipite kiasi, na aonyeshe bidii badala ya uzembe. Na kama kuna kasoro nzito ya kisheria katika uamuzi wenyewe, nayo ielezwe. Kabla yake, katika kesi ya Bushiri Hassan, mahakama ilikwisha kusema kwamba hata siku moja ya kuchelewa lazima itolewe maelezo. Na kuna msimamo wa siku nyingi kwamba uzembe wa wakili peke yake haumpi mteja sababu ya msingi.

Uone basi nilipokuwa. Ukweli ulikuwa kwamba rufani iliondolewa, nikaona aibu, nikakaa kimya. Ukweli huo haukuwa na thamani mbele ya jaji. Nikatafuta wenye thamani.

Malaria imewaokoa mawakili wengi wa nchi hii kuliko kifungu chochote cha sheria. Niliapa kwamba niliugua, nikalala kitandani kwa kipindi kilichotoshea vizuri kabisa pengo la tarehe zangu, na nikaambatisha cheti cha zahanati. Sahihi kwenye hati ya kiapo ilikuwa yangu. Aliyenishuhudia kuapa alikuwa rafiki yangu, wakili wa jengo la jirani, aliyegonga mhuri huku tukizungumzia mpira.

Wakili wa upande wa pili alikuwa binti mdogo, nadhani hakuwa amemaliza miaka mitatu kazini. Hakubishana na cheti cha daktari. Aliwasilisha kiapo kinzani, na ndani yake mwenendo wa shauri jingine kabisa la Mahakama ya Wilaya, tarehe iliyoangukia katikati ya ugonjwa wangu. Kwenye akidi, yaani orodha ya waliohudhuria, palikuwa na jina langu, nimemwakilisha mdaiwa, na kumbukumbu zilionyesha nimemhoji shahidi kwa maswali ya kujaza kurasa kadhaa. Kwa mgonjwa mahututi, nilikuwa na nguvu za ajabu. Mficha maradhi kifo humuumbua. Mimi niliyetangaza maradhi nisiyokuwa nayo niliumbuliwa na akidi.

Nataka mtazame hesabu ya jambo hili. Kosa la barua lingemgharimu Mwalimu muda na fedha, na huenda hoja ya kasoro ya kisheria ingeokoa maombi yetu, maana hukumu ile ilikuwa na tatizo ambalo mpaka leo naamini lilistahili kuangaliwa. Hoja hiyo ilikuwa aya ya mwisho ya kiapo changu. Jaji hakuipa uzito. Nani angeamini aya ya kumi na mbili baada ya kuona aya ya sita? Uongo nilioutunga kumwokoa mteja ndio uliozika hoja ya kweli aliyokuwa nayo. Gharama za maombi akaamriwa alipe yeye.

Tangu siku hiyo nina kawaida moja: kiapo kinachoeleza uzembe wangu nakiandika kabla ya viapo vingine vyote, na nakiandika nikiwa bado na hasira na mimi mwenyewe. Kikisomeka vibaya, na kisomeke vibaya. Mawakili vijana huogopa kwamba kukiri uzembe mbele ya jaji ni kujitia kitanzi. Nimeona majaji wakikataa maombi ya namna hiyo, kweli. Sijaona hata mmoja aliyeacha kumwamini wakili katika kesi zinazofuata kwa sababu alisema ukweli.

4. Kukaa kimya kortini nako ni kusema

Kuna utetezi mtamu tunaoambizana: sikusema uongo, sikuulizwa. Kwa hilo nawasomesha kesi ya Kiingereza ya Meek na Fleming, iliyoamuliwa na Mahakama ya Rufani ya Uingereza mwaka 1961.

Mpiga picha wa magazeti alimshtaki inspekta mkuu wa polisi wa London kwa kumpiga na kumweka kizuizini isivyo halali. Kabla ya kesi kusikilizwa, ofisa yule alishushwa cheo mpaka sajenti, na sababu ya kushushwa ilikuwa kuidanganya mahakama katika jambo jingine. Upande wake ukaamua kutolisema hilo. Siku ya ushahidi alikuja na nguo za kiraia ilhali polisi wenzake walivaa sare zenye alama za vyeo. Aliitwa kwa cheo ambacho hakuwa nacho tena, wakili wake akaacha ipite, na wazee wa baraza wakampa ushindi. Mambo yalipofichuka hukumu ilitenguliwa na kesi ikaamriwa isikilizwe upya, na wakili yule alikuja kusimamishwa uwakili.

Wakili yule mwenyewe hakutamka sentensi ya uongo, angalau si kwa ile maana ya kitoto. Walipanga mavazi. Hilo la mavazi ndilo linalonifanya niirudie kesi hii kwa vijana, kwa sababu linaonyesha mtu mwerevu akikaa mezani na kufikiri kwa makini kabisa namna ya kuiacha mahakama iamini jambo ambalo yeye anajua limekwisha badilika.

Kwetu mtihani huo huja kwa sura ndogo. Unaomba zuio la muda upande mmoja tu ukiwepo, na hutaji kwamba mahakama nyingine ilishakataa ombi kama hilo. Unanukuu uamuzi unaokufaa, na moyoni unajua Mahakama ya Rufani ilishauacha. Mwenzako hajauona. Unakohoa kidogo, unakaa. Wajibu wa wakili kwa mahakama ni pamoja na kutaja uamuzi unaomuumiza, kisha kueleza kwa nini kesi yake ni tofauti. Nilipoanza kufanya hivyo niliogopa wateja watanikimbia. Kilichotokea ni kwamba majaji walianza kunisikiliza nikifika sehemu ya “lakini”.

5. “Namshikia brifu mwenzangu, yuko Mahakama ya Rufani”

Fupi hili, na wote mnalijua. Mtu anakupigia asubuhi: nishikie brifu, waambie niko mahakama ya juu. Nyuma ya sauti yake unasikika muziki na mtu akiagiza supu. Unasimama, unasema kwa sauti ya heshima kwamba wakili msomi yuko mbele ya majaji watatu, shauri linaahirishwa, mashahidi waliotoka Ukerewe kwa meli wanarudi walikotoka.

Uliyesema uongo hapo ni wewe. Yeye anakunywa supu. Omba wito wa mahakama anayodai yupo, uuambatishe. Akikosa kukutumia, sema mbele ya hakimu: nimeombwa nishike brifu, sababu sijaelezwa kwa ushahidi. Urafiki utayumba kwa wiki moja.

6. Fedha za mteja

Sina kisa changu hapa, namshukuru Mungu, na sheria yake haina mjadala: fedha za mteja ziwe na akaunti yake, zisichanganywe na za ofisi, na zitolewe hesabu. Nawaongezea tu niliyoona kwa wenzangu walioanguka. Karibu wote hawakukusudia kuiba. Walikopa kodi ya pango, au karo ya muhula mmoja, wakisubiri malipo fulani yaingie Ijumaa. Usiiamini Ijumaa.

7. Kesi ambazo hazikuamuliwa na mtu

Vijana sasa wanaandaa hoja kwa msaada wa programu za akili bandia, nami sina ugomvi na chombo kinachosoma haraka kuliko mimi. Ila someni yaliyotokea New York mwaka 2023 katika shauri la Mata dhidi ya Avianca. Abiria alidai kuumizwa goti na kitoroli cha chuma ndani ya ndege. Mawakili wake wakawasilisha hoja zilizonukuu kesi zilizotungwa na ChatGPT, zikiwa na majina, namba na maneno ya majaji. Wa upande wa pili walizitafuta hawakuziona. Jaji Castel akaamuru nakala ziletwe. Hapo palikuwa na mlango wazi wa kutokea, na hawakuupita: walirudi kwenye programu ileile, wakachapa “hukumu” hizo, wakazipeleka. Hata ombi lao la kuongezewa siku lilikuwa na uongo ndani yake, wakili aliyeomba akisema yuko likizo wakati aliyekuwa likizo ni mwenzake. Nilipofika hapo nilicheka peke yangu. Kumbe New York nako kuna malaria.

Faini ilikuwa dola 5,000, ambayo kwa ofisi ya huko si mzigo. Uzito ulikuwa kwenye maelezo ya jaji, aliyeweka wazi kwamba mambo yangekuwa tofauti kama wangekiri mapema badala ya kung'ang'ania. Mwaka 2025 Mahakama Kuu ya Uingereza nayo ilionya kwamba kupeleka kesi za kubuni kunaweza kufikia kuwa kosa la kuidharau mahakama. Nasi hukumu zetu ziko bure kwenye tovuti ya TanzLII. Kufungua hukumu na kuisoma kabla ya kuinukuu huchukua muda mfupi kuliko kuandika barua ya kuomba radhi.

Na TanzLII wateja pia wanaijua. Mjukuu wa Mwalimu ndiye aliyekuta humo uamuzi wa kuondoa rufani, akausoma kwenye simu yake babu akisikiliza. Ndivyo alivyopata habari.

8. Ukiitwa mbele ya Kamati

Kamati ya Mawakili ipo chini ya Sheria ya Mawakili, Sura ya 341. Mwenyekiti ni jaji, yumo mjumbe wa upande wa Serikali, na yumo wakili kama wewe. Inaweza kukuonya, kukusimamisha kwa muda, au kuliondoa jina lako kwenye orodha kabisa. Na usiporidhika unakwenda Mahakama Kuu. Wenzetu wa Kenya wana Tume ya Malalamiko dhidi ya Mawakili, ambayo huweza kuwapatanisha wakili na mteja kabla jambo halijafika kwenye chombo cha nidhamu. Natamani ningekuwa na mlango huo, ingawa kwa kiburi nilichokuwa nacho sidhani kama ningebisha hodi.

Niliandika utetezi wa kurasa nyingi, nusu yake nikieleza jinsi kanuni ya 90 inavyowasumbua mawakili. Nilipoanza kuusoma, mjumbe aliyekuwa wakili alinikatisha kwa upole: “Tunaijua kanuni. Ulimwambia lini?” Sikuwa na tarehe. Mwalimu alikuwa nazo zote.

Adhabu ya kusimamishwa ina mambo ambayo hakuna kitabu kinachoyaeleza. Majalada unawakabidhi wengine, hilo ulilitarajia. Usilolitarajia ni jirani anayekuja jioni na karatasi ya kuthibitisha jina la mtoto, na huwezi kugonga mhuri. Nilimwambia mmoja kwamba mhuri umekwisha wino. Akaniletea wino. Sasa kuna mfumo wa e-Wakili ambamo yeyote anaweza kuangalia kama wakili ana leseni hai, kwa hiyo hata visingizio vya wino havina maisha marefu.

Mwalimu hakupata kiwanja. Ada zake nilimrudishia, na gharama alizoamriwa kulipa kwa sababu ya malaria yangu nilizilipa mimi. Alizipokea, akanipa stakabadhi aliyoiandika kwa mkono, yenye tarehe.

Kwa hiyo ukipokea malalamiko, usijibu usiku uleule. Mpe jalada zima wakili mwingine, asiye rafiki yako wa mpira, umwache aandike yeye. Ndani ya jalada acha kila barua, pamoja na zile zinazokuumiza na orodha ya simu ulizopigiwa usipokee. Kama kuna fedha za mteja mkononi mwako, zirudishe kabla ya tarehe ya kusikilizwa, kwa hundi, na nakala ya hundi iwe kiambatisho cha kwanza.